Sauti ya Mbu Yatoka Wapi?

Nani kati yenu asiyeijua sauti ile? Kazi za mchana zimekwisha, taa imezimwa, watoto wamelala, na usingizi umeanza kuyafumba macho. Mara karibu na sikio yasikika sauti nyembamba kama uzi: nziiii! Mtu hujipiga kofi shavuni, sauti hunyamaza, naye hudhani amemwua adui yake. Ajifunikapo tena, sauti hurudi.

Sisi tunaoandika maneno haya twafundisha katika shule ya msingi ya bonde la Ruzizi, karibu na mahali pale mto unapoingia katika ziwa Tanganyika. Huko mbu si wageni. Sauti yao tumeisikia tangu utoto wetu. Lakini kuisikia si kuijua. Ilibidi tufundishwe na mtoto wa miaka 11, nasi tulimlipa vibaya kwa mafundisho yake. Habari hiyo twataka kuwasimulia leo, kwanza ili tulipe deni letu, na pili ili ninyi nanyi mpate kujua kitu kinachopita masikioni mwenu kila usiku.

Mwaka ule tulipewa darasa la tano. Siku moja somo lilikuwa juu ya malaria. Tuliandika ubaoni maneno ambayo watoto walipaswa kuyanakili katika madaftari yao, na katika maneno hayo lilikuwamo hili: «Mbu huimba kwa mdomo wake kabla ya kuuma.» Tulilipata wapi? Hatukumbuki. Labda tuliambiwa hivyo tulipokuwa wadogo, nasi tukalibeba bila kulipima, kama mtu abebaye mzigo wa jirani bila kuuliza ndani mna nini.

Mtoto mmoja wa nyuma, mwana wa mvuvi, aliinua mkono.

«Naomba ruhusa, Mwalimu. Mbu akiuma, mdomo wake umo ndani ya ngozi, naye yuko kimya. Akitua ukutani, mdomo wake hauna kazi, naye bado yuko kimya. Lakini akiruka, huimba. Naona haimbi kwa mdomo. Huimba kwa mabawa.»

Wenzake walicheka. Nasi, badala ya kuyapima maneno yake, tulicheka pamoja nao. Tulimwuliza: «Je, bawa lina koo? Bawa la mbu ni laini kuliko ganda la kitunguu. Kitu laini namna hiyo chaweza kupiga kelele gani?» Mtoto alisimama akatazama chini, kisha akasema kwa sauti ndogo: «Sijui, Mwalimu, lakini ndivyo ninavyoona.» Tulimtoa nje kwenda kung'oa majani ya uani hadi kengele ya saa sita.

Wasomaji wapenzi, tuseme kweli. Seminarini tulijifunza Kilatini, hesabu, historia na nyimbo, na walimu wetu walitufundisha vema. Lakini siku ile mtoto alitushinda kwa hoja, nasi hatukuwa na jibu. Aibu ya kukosa jibu tuliigeuza kuwa hasira. Alasiri tulimwona akirudi nyumbani, mikono yake imechafuka kwa udongo, wala hakututazama.

Baada ya juma mbili hivi, katikati ya majira ya mvua, mtoto yule hakuonekana darasani. Siku ya kwanza tulinyamaza. Siku ya tatu moyo ulitusuta, na jioni, baada ya mazoezi ya kwaya, tulishika njia kwenda kwao. Tulimkuta amelala mkekani, mwili unawaka moto, midomo imekauka. Mama yake alitwambia: «Mwalimu, tumetoka naye kwenye kituo cha afya. Wamepima damu, ni malaria. Dawa amekwisha kunywa, lakini usiku wa jana sikulala, na mdogo wake naye analia.» Baba alikuwa ziwani, akivua ndagala kwa taa. Tulimwomba mama apumzike pamoja na mtoto mchanga, nasi tukakaa kando ya mgonjwa kumpa maji na kumfuta jasho.

Tulipotazama juu ya mkeka, tuliona kamba mbili zikining'inia bure. Tuliuliza: «Mama, chandarua kiko wapi?» Alikawia kujibu. Kisha alisema kwamba walikipata bure siku ya kugawa vyandarua, lakini baba alikishona pamoja na vingine viwili kuwa wavu wa kuvulia ndagala. «Njaa nayo inaua, Mwalimu», alisema. Hatukuwa na la kumjibu usiku ule.

Giza liliposhika, mbu walikuja. Mfukoni tulikuwa na diapazoni, kile chuma cha pembe mbili ambacho mwalimu wa kwaya hukigonga ili waimbaji wapate noti ya kuanzia. Diapazoni hutoa noti ya la, na pembe zake hutetemeka mara 440 katika sekunde moja. Tuliigonga gotini, tukaiweka karibu na sikio, tukasikiliza chuma na mdudu kwa pamoja. Ajabu! Noti ya mbu ilikuwa chini kidogo tu ya la, ikielekea kwenye sol. Tuligonga tena, na tena. Ndipo tulipoona kwamba mgonjwa amefumbua macho.

«Mwalimu, unafanya nini?»

«Twampima mbu sauti, mwanangu.»

Alitabasamu kidogo. «Sasa ngoja atue.»

Tulingoja wote wawili. Mbu alizunguka, akatua ukutani, na noti ikakatika mara moja. Tulipompungia mkono aliruka, na noti ileile ikaanza tena. Mtoto alisema: «Mabawa.» Tulimjibu: «Ni kweli. Ulisema kweli tangu siku ile, nasi tulikuonea.» Alikaa kimya kitambo, tukadhani amelala. Lakini mtoto huyu hakuumbwa kulala na swali moyoni. «Lakini Mwalimu, nikipunga mkono wangu mbona hauimbi?»

Tulimwambia alale kwanza, jibu tutamtafutia. Safari hii tulishika ahadi yetu. Tulisoma vitabu, tukawauliza wanaojua, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kila sauti ni mtetemo wa hewa. Ukikwaruza ukuta, ukigonga ngoma, ukivuta uzi wa gitaa, kitu fulani huisukuma hewa mbele na kuirudisha nyuma, na msukumo huo husafiri hadi kwenye ngoma ya sikio. Sikio la mtu husikia mitetemo kuanzia kama 20 kwa sekunde hadi kama 20,000. Mkono wa mtoto, hata akijitahidi sana, hupunga mara chache tu kwa sekunde. Hewa yasukumwa kweli, nasi twasikia upepo usoni, lakini mwendo ule ni wa polepole mno kuwa noti. Tazameni likembe: ulimi mrefu wa chuma hutetemeka polepole na kutoa noti nzito, ulimi mfupi hutetemeka upesi na kutoa noti ya juu. Ndivyo yalivyo na mabawa. Noti ya mdudu arukaye ni hesabu ya mapigo ya mabawa yake.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Uingereza palikuwa na mtaalamu aitwaye Robert Hooke. Tarehe 8 Agosti 1666, Samuel Pepys aliandika katika daftari lake la kila siku kwamba alikutana na Hooke, naye Hooke akamweleza kuwa aweza kujua inzi hupiga mabawa mara ngapi, kwa kulinganisha mvumo wake na noti za muziki. Basi diapazoni yetu ya usiku ule haikufanya jambo jipya. Ilirudia kazi ya miaka zaidi ya 350 iliyopita.

Baadaye, katika miaka ya 1860, Mfaransa Étienne-Jules Marey alitaka kuona kwa macho kile ambacho Hooke alikisikia kwa masikio. Alimshika mdudu kwa uangalifu, ncha ya bawa ikagusa karatasi iliyopakwa masizi na kuzungushwa na mtambo. Kila pigo la bawa liliacha alama katika masizi, naye akazihesabu. Inzi wa nyumbani alipata mapigo 330 kwa sekunde, nyuki 190, kereng'ende 28, na kipepeo mweupe 9 tu. Sasa mwafahamu kwa nini kipepeo hupita mbele ya pua yetu bila sauti, na nyuki husikika kabla hajaonekana. Kipepeo naye hupiga hewa, lakini mapigo yake yako chini ya kipimo cha sikio letu.

Na mbu? Mbu jike wa aina nyingi hupiga mabawa kama mara 400 hadi 600 kwa sekunde, na dume hupita hapo. Hewa ikiwa ya joto hupiga upesi zaidi, na noti yake hupanda.

Mtu atauliza: mdudu mdogo hivyo apataje nguvu ya kupiga mara 400 katika sekunde moja? Mwalimu wa mazoezi akisema «moja, mbili, moja, mbili», ubongo wetu hutuma amri moja kwa kila mwendo. Kama mbu angefanya hivyo, mishipa yake ya fahamu ingeshindwa. Misuli yake mikubwa haikufungwa kwenye bawa lenyewe, bali hulijaza sanduku la kifua. Misuli ya aina moja hukaza, na kifua hubanwa kutoka juu kwenda chini, mabawa hupanda. Misuli ya aina ya pili hukaza, na kifua hubanwa kutoka mbele kwenda nyuma, mabawa hushuka. Kila misuli ikivutwa na mwenzake hukaza yenyewe, bila kungoja amri mpya. Ni kama mtoto kwenye bembea: ukimsukuma mara moja moja tu, bembea huendelea kwenda na kurudi kwa mwendo wake yenyewe.

Sasa tulifikie bawa, ambalo tulilidharau mbele ya darasa zima kwa sababu ni laini. Lina urefu wa milimita chache tu. Ni utando mwembamba ulioshikwa na mishipa migumu kama vile mwamvuli unavyoshikwa na vyuma vyake. Mishipa iliyo minene imekusanyika ukingoni mwa mbele. Ukingo wa nyuma ni laini na una magamba madogo kama pindo la kitambaa. Ndani ya utando huo hamna misuli hata kidogo. Misuli yote iko kifuani na kwenye shina la bawa. Basi bawa likipigwa mbele, ukingo mgumu hutangulia na ule laini hufuata nyuma, likijikunja na kujipinda kwa uzito wake lenyewe na kwa kusukumwa na hewa. Mwishoni mwa mwendo hugeuka, na kurudi likiwa limepinda upande wa pili.

Mwaka 2017 wataalamu wa Uingereza na Japani walitangaza kwamba wamempiga picha mbu wa nyumbani, yule aitwaye kwa Kilatini Culex quinquefasciatus, kwa kamera nane zilizopiga picha 10,000 kwa sekunde. Waliona kwamba mabawa yake hufagia pembe ndogo sana, kama digrii 40 tu, ambapo nyuki hufagia zaidi ya mara mbili ya hapo. Mbu huchukua hatua fupi na za upesi. Waliona tena kwamba kule kujigeuza kwa bawa mwishoni mwa kila mwendo kwamsaidia sana kubaki hewani.

Na sauti hutokea hapohapo. Bawa lisukumapo hewa, upande mmoja hewa hubanwa na upande wa pili hulegea. Likirudi, kilichobanwa hulegea na kilicholegea hubanwa. Mabadiliko hayo hutoka kwenye bawa kama mawimbi yatokavyo penye jiwe lililotupwa ziwani. Bawa likienda na kurudi mara 400, sikio hupata noti ya mapigo 400. Lakini haiwi noti hiyo peke yake. Mwendo wa kwenda humwinua mbu, na mwendo wa kurudi humwinua pia. Basi katika kila pigo kamili ainuliwa mara mbili, na hiyo huzaa noti ya pili ya mapigo 800. Juu yake kuna nyingine za 1,200 na kuendelea, zikipungua nguvu. Noti hizi hazisambai sawasawa pande zote. Aliye mbele ya mdudu hasikii sawa na aliye ubavuni. Ndiyo maana mvumo wa mbu anayezunguka kichwa chako hubadilika-badilika, ingawa mabawa yake hayabadili mwendo sana.

Ulaini wa bawa wafanya kazi gani basi? Jaribuni wenyewe, enyi wanafunzi. Chukueni kipande cha karatoni kigumu, mkipunge upesi mbele na nyuma. Kila kinapogeuka mtasikia kofi: pa, pa, pa. Sasa chukueni karatasi laini ya ukubwa uleule, mshike ukingo mmoja, mpunge vilevile. Ukingo wa nyuma huchelewa, hujipinda, huiacha hewa iteleze, na kofi lile kali hupungua. Bawa linalojipinda huigawa nguvu ya pigo katika muda wote wa mwendo. Tena umbo la bawa hubadilika katika kila pigo, na namna lijipindavyo ndiyo huamua noti zipi za juu zitasikika sana na zipi zitafifia. Wataalamu wa siku hizi hulifuata jambo hili kwa hesabu za kompyuta. Wakitaka kujua sauti ya mdudu, hawawezi kulihesabu bawa lake kana kwamba ni ubao. Sisi tulisema: ni laini, haliwezi kuimba. Kumbe huimba namna yake kwa kuwa ni laini.

Hatusemi kwamba kila mdudu apigaye kelele hutumia mabawa kwa kuruka. Nyenje wa usiku hukaa mahali pamoja na kukwaruza bawa kwa bawa, kama mtu akwaruzaye chuma chenye meno. Na yule nyuki mkubwa mweusi atoboaye nguzo za nyumba aweza kushika ua, akakunja mabawa, na bado akanguruma, kwa kutetemesha misuli ya kifua tu, ili chavua imwagike. Lakini mbu hana njia hizo. Akitua hunyamaza, kama mtoto alivyosema.

Basi, mbu humwimbia nani? Si sisi. Ni majike tu wanaouma, kwa sababu huhitaji damu ili mayai yao yakomae. Dume hunywa maji matamu ya maua na mimea. Lakini dume ndiye mwenye masikio makubwa. Kichwani ana papasi mbili, yaani nyuzi mbili zenye manyoya mengi kama brashi ya kusafishia chupa, na katika shina la kila papasi mna kiungo cha kusikilia. Kiungo hicho kilielezwa mwaka 1855 na mganga wa Marekani aitwaye Christopher Johnston, na hadi leo chaitwa kwa jina lake. Katika dume wa mbu Aedes aegypti, kiungo kimoja kina chembe za fahamu zipatazo 15,000. Mwaka 1874 Mmarekani mwingine, Alfred Mayer, alimweka mbu dume chini ya hadubini akagonga diapazoni za noti mbalimbali. Aliona kwamba diapazoni ya mitetemo 512 iliyatetemesha sana baadhi ya manyoya yale. Tuliposoma habari hiyo tulicheka peke yetu: kumbe kabla yetu palikuwa na mtu mzima aliyempigia mbu diapazoni!

Jambo la mwisho lilitushangaza kuliko yote. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani walieleza kwamba dume na jike wa Aedes aegypti wakikutana hewani, hubadili mapigo yao hadi waafikiane. Jike apiga kama 400 na dume kama 600. Hizo si noti moja. Lakini mara tatu 400 ni 1,200, na mara mbili 600 ni 1,200. Huko juu, kwenye noti za juu zizaliwazo na kila bawa, wawili hao hukutana. Mwanakwaya ataelewa mara moja: 400 kwa 600 ni kama do kwa sol. Viumbe wenye ubongo mdogo kuliko punje ya ulezi hupatana noti wakiwa gizani, hali kwaya yetu yahitaji diapazoni, mwalimu, na mara nyingine karipio.

Yote haya ni mazuri kuyajua. Lakini hatukuyatafuta kwa ajili ya uzuri tu. Tuliyatafuta kando ya mtoto mwenye homa. Basi sikilizeni neno hili, hasa ninyi akina baba na akina mama. Mvumo wa mbu ni dhaifu sana. Ukisogea kidogo tu husikii kitu. Humsikia yule tu ajaye karibu na sikio, akifuata pumzi na joto la mwili wako. Lakini mbu hawaji wote kichwani. Wataalamu waliomchunguza Anopheles gambiae, mmoja wa wachukuzi wakubwa wa malaria katika Afrika, waliona kwamba mtu akiwa ameketi, mbu huyo hupenda kumwuma miguuni. Huyo hamtamsikia. Atakuja, atanyamaza, atakunywa, ataondoka. Basi mtu asiseme: «Usiku huu sikusikia mbu, tulilala salama.» Sikio si mlinzi wa kutosha. Wala kofi la gizani si dawa. Kinachofaa ni chandarua kizima, kilichochomekwa chini ya mkeka au godoro pande zote, kila usiku, hata usiku ulio kimya.

Baba wa mtoto aliporudi alfajiri na mtumbwi wake, alitukuta bado tumeketi. Hatukumhubiria. Tulimweleza tu mambo tuliyoyaona usiku, jinsi mwanawe alivyotushinda darasani na jinsi tulivyompima mbu kwa diapazoni. Alimtazama mtoto wake kwa muda mrefu. Kisha alisema: «Mwalimu, wavu ule nao hauna faida kama nilivyodhani. Wakamata hata samaki wachanga wasiojaa kiganja, na mwakani tutavua nini?» Jioni ile alikata kipande kimoja akakiosha. Kilikuwa na matundu mengi. Mama alikaa na sindano na uzi, akayaziba moja moja. Siku za mbele, kituo cha afya kilipogawa tena, walipata kingine, na hicho hakikwenda ziwani.

Mtoto alipona. Siku aliporudi darasani tuliandika tena ubaoni: «Mbu huimba kwa mdomo wake kabla ya kuuma.» Watoto wakachukua kalamu zao kunakili kama kawaida. Tuliwazuia. Tulifuta neno «mdomo» mbele ya macho yao, tukaandika «mabawa». Kisha tulifuta na «kabla ya kuuma», tukaandika «anaporuka». Tuliwaambia wote kwamba aliyesahihisha sentensi hiyo ni mwenzao wa nyuma, kwamba tulimwadhibu bila haki, na kwamba twamwomba radhi. Darasa lilikuwa kimya. Hawajazoea kumwona mwalimu akiomba radhi, nasi hatukuwa tumezoea kuiomba.

Mtoto alisimama, akasema: «Asante, Mwalimu.» Kisha, kabla hajaketi, aliinua mkono.

«Naomba ruhusa. Je, mbu mwenyewe anaisikia sauti ya mabawa yake?»

Darasa lilituangalia. Nasi, kwa mara ya kwanza katika miaka yetu ya kufundisha, tulijibu bila aibu: «Hatujui, mwanangu. Tutatafuta.» Na tungali tukitafuta.